Bertha Benz: Mwanamke aliyeitembeza Benzi hadi ikajulikana

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii husikika sana hapa Kicukiro, hasa kule Gikondo kwenye maghala ya Magerwa, magari yanaposubiri kulipiwa ushuru. Mwenye kuuza gari la kawaida ataeleza injini, matairi na bei ya vipuri mpaka akaukiwe na mate. Mwenye Benzi hasemi mengi. Anaonyesha ile nyota ya pembe tatu, basi.

Lakini ukiichunguza historia ya gari hilo utaona kwamba methali na Benzi havipatani. Benzi haikujiuza. Mwanzoni watu waliitazama, wengine wakaicheka, na wanunuzi wakawa adimu. Aliyeitoa ndani na kuitembeza alikuwa mama wa watoto wanne, jina lake Bertha Benz. Leo napenda kuwaeleza maisha yake, kwa sababu naamini kina mama wanaovuka mpaka na bidhaa zao, na sisi tuliorudi nyumbani na kuanza upya, tuna la kujifunza kwake kuliko matajiri wanaoendesha gari lake.

Bertha alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, mzee Ringer, alikuwa fundi seremala na mjenzi aliyefanikiwa kimaisha. Inasimuliwa kwamba siku moja binti huyo alifungua Biblia ya familia, mahali ambapo baba yake aliandika majina ya watoto, akakuta kwenye jina lake maneno ya masikitiko kwamba amezaliwa msichana tena. Maneno hayo yalimuuma. Alipenda kujua mashine zinavyofanya kazi, na baba huyohuyo ndiye aliyemweleza, ingawa shule za juu za wakati huo hazikuwapokea wasichana.

Mwaka 1869 alikutana na kijana mmoja mhandisi, Karl Benz. Karl hakuwa na kitu. Baba yake, dereva wa treni, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 2 tu, na mama akamlea na kumsomesha kwa taabu. Alichokuwa nacho kijana huyo ni ndoto moja: kutengeneza chombo cha kwenda barabarani bila farasi.

Mwaka 1871 Karl alifungua karakana mjini Mannheim pamoja na mbia aliyeitwa August Ritter. Haukupita muda mrefu ubia ukaharibika, na karakana ikawa hatarini kufungwa. Hapo ndipo Bertha alipoingia. Aliomba kwa wazazi wake fungu lake la kuolewa kabla ya harusi, akalitoa ili Ritter alipwe aondoke.

Hapa sharti nieleze kidogo. Kwetu mahari, au inkwano kama tunavyoita Rwanda, hutoka upande wa mwanamume. Ujerumani ya wakati ule, mali ilitoka kwa wazazi wa binti, ikaribiane na ibirongoranwa vyetu, ila ilikuwa fedha taslimu. Kwa hiyo Bertha hakutoa mali ya mume wala ya baba, bali alitoa fungu lake mwenyewe, akiwa bado hajaolewa. Waliposhika ndoa tarehe 20 Julai 1872, sheria ya nchi yake ilimwondolea uwezo huo. Mke hakuruhusiwa tena kujisimamia kama mwekaji mtaji. Fedha ilikuwa yake, karakana ikawa ya mume, na katika makaratasi yote jina lake likakosekana.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalielewa jambo hili bila kuelezwa zaidi. Ni wangapi kati ya kina mama zetu walitoa mtaji wa kwanza wa duka, lakini leseni ikaandikwa jina la mwingine? Hapa Rwanda ni sheria ya mwaka 1999, ya mali ya wanandoa na urithi, iliyompa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Bertha alizaliwa miaka 150 kabla ya sheria hiyo, na mbali na hapa, lakini kero ilikuwa ileile.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida. Katika miaka ya 1870 madeni yaliwabana, na watoto nao walikuwa wakiongezeka. Karl alijaribu kutengeneza injini ambayo angeweza kuiuza, na mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1879, injini hiyo ilinguruma kwa mara ya kwanza vizuri, mke wake akiwa pembeni. Mwaka 1883 walipata wabia wapya, ikazaliwa kampuni ya Benz & Cie. Biashara yake ilikuwa injini za viwandani. Gari lilikuwa kama mchezo wa Karl, nao wabia hawakulipenda sana.

Tarehe 29 Januari 1886 Karl aliomba hati ya haki ya uvumbuzi, ikapewa namba 37435. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa motokaa. Usifikirie Benzi unayoijua, msomaji wangu. Lilikuwa na magurudumu 3, na injini isiyofikia nguvu ya farasi mmoja. Halikuwa na usukani wa duara bali kishikio kidogo juu ya nguzo. Mwendo wake haukuzidi kilomita 16 kwa saa.

Gari lilikuwepo, hati ilikuwepo, lakini imani ya watu haikuwepo. Karl alikuwa fundi wa kweli, na mafundi wengi wa kweli wana ugonjwa mmoja: kila siku wanaona kasoro ya kurekebisha kabla ya kuuza. Alilijaribu gari lake katika safari fupi kuzunguka Mannheim, likizima linasukumwa kurudi nyumbani. Nani angetoa fedha zake kununua chombo ambacho hakijawahi kumfikisha mtu popote?

Bertha aliona kwamba hakuna tangazo litakalojibu swali hilo. Jibu lilikuwa ni kufika. Asubuhi moja ya mwezi Agosti 1888, Karl akiwa bado usingizini, aliondoka na wanawe wawili, Eugen na Richard, waliokuwa wavulana wa miaka 15 na 13 hivi. Walilitoa gari taratibu ili mzee asiamke. Safari ilikuwa ya kwenda Pforzheim kumsalimia mama yake, zaidi ya kilomita 100. Ni karibu na umbali wa kutoka Kigali hadi Musanze. Hakuna mtu aliyewahi kwenda mbali kiasi hicho kwa gari la injini.

Njia ilikuwa ya mikokoteni, na kituo cha mafuta hakikuwepo duniani. Mafuta yalipopungua, alisimama katika mji mdogo wa Wiesloch akaingia duka la dawa. Alinunua ligroini, kimiminika ambacho watu walikitumia kuondoa madoa nguoni, nayo injini ikaendelea kuunguruma. Wajerumani wanaliita duka hilo kituo cha kwanza cha mafuta duniani.

Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa kuwashia injini ulipochubuka, aliufunika kwa ukanda wa kushikia soksi. Mnyororo ulipolegea, alimtafuta mhunzi. Maji ya kupoza injini yalikuwa yakichemka na kuisha, ikabidi wayateke popote walipoyaona. Kwenye milima gari lilishindwa, watoto wakashuka kusukuma. Kwenye miteremko breki za mbao zililika, akamwendea fundi viatu azifunike kwa ngozi. Hapo, bila kukusudia, alibuni kile ambacho makanika wetu wa leo wanakiita bitana ya breki.

Walifika Pforzheim jioni, vumbi tupu, akampelekea mumewe habari kwa telegramu. Baada ya siku chache walirudi Mannheim kwa gari lilelile.

Watu husimulia safari hii kama kituko cha mama mkaidi. Mimi naiona kama safari ya kibiashara iliyopangwa. Alirudi na orodha ya kasoro: breki zinahitaji ngozi, na mlimani inahitajika gia ya nguvu. Karl alimsikiliza, gia ya ziada ikaongezwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo gari lilipelekwa kwenye maonyesho mjini Munich likapata nishani ya dhahabu. Wanunuzi walianza kuja, wengi wao kutoka Ufaransa. Kufikia mwaka 1899 Benz & Cie ilitengeneza magari 572 kwa mwaka mmoja, ikawa kampuni kubwa ya magari kuliko zote duniani.

Kuna jambo lingine ambalo wapenda anasa husahau. Mwaka 1895 chombo cha Benz ndicho kilichokuwa basi la kwanza la injini kubeba abiria kwa nauli, katika eneo la Siegen. Kwa hiyo Benzi ilianza kubeba umma mapema kabisa, na mpaka leo malori yenye nyota ileile yanapanda kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Rusumo yakiwa na mchele na saruji yetu.

Nyota na jina la Mercedes havikutoka kwa Bertha. Vilitoka kwa wapinzani wao, kampuni ya Gottlieb Daimler. Mfanyabiashara tajiri Emil Jellinek aliagiza magari ya Daimler kwa wingi, akataka yapewe jina la binti yake, Mercédès. Jina hilo lilisajiliwa mwaka 1902, na nyota mwaka 1909. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia biashara ikawa ngumu kwa wote, na tarehe 28 Juni 1926 wapinzani hao wakaungana kuwa Daimler-Benz. Hivyo gari likabeba jina la msichana ambaye hakulitengeneza na jina la mwanamume aliyelitengeneza. Yule aliyetoa mtaji na kulifikisha safari amejificha ndani ya jina la mumewe.

Karl alifariki tarehe 4 Aprili 1929 katika mji wa Ladenburg. Bertha aliendelea kuishi hapo miaka 15 zaidi. Alipotimiza miaka 95, tarehe 3 Mei 1944, chuo kikuu cha ufundi cha Karlsruhe, ambako mumewe alisoma, kilimpa heshima ya useneta. Siku 2 baadaye alifariki dunia.

Haifai kunyamazia kwamba miaka hiyo kampuni ilikuwa na doa kubwa. Wakati wa utawala wa Hitler, Daimler-Benz ilitengeneza zana za vita, na kufikia mwaka 1944 karibu nusu ya wafanyakazi wake walikuwa watu waliolazimishwa, wafungwa wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe imekiri hayo baadaye. Sifa ya jina si kama rangi ya gari inayong'aa ikipigwa maji. Inabeba mema na mabaya ya kila aliyelitumia.

Sisi Afrika Mashariki nasi tuliliongezea maana yetu. Kule Tanzania nilikokulia uhamishoni, neno Wabenzi halikuwa sifa. Lilimaanisha wakubwa waliopata uhuru wao na kuwaacha wengine wakitembea kwa miguu. Lilisikika Kenya na Uganda vilevile tangu miaka ya 1960. Hapa Rwanda, katikati ya miaka ya 2000, serikali iliyakusanya magari mengi ya umma na kuyauza kwa mnada ili kupunguza gharama, na watu walifurahi kuona wakubwa wakijinunulia yao. Gari lililoanza na fungu la binti mmoja lilikuwa limegeuka kipimo cha nani amekula na nani hajala.

Ndiyo maana maisha ya Bertha yana uzito kwangu. Yanarudisha sifa mahali ilipotoka. Benzi haikuheshimiwa kwa sababu ya viti vya ngozi. Iliheshimiwa kwa sababu mtu aliweka mali yake, wanawe na uso wake barabarani, akaenda na akarudi. Mwaka 2008 Wajerumani waliitambua rasmi njia aliyopita, wakaiwekea vibao vyenye jina lake. Mwaka 2016 aliingizwa katika jumba la watu mashuhuri wa magari huko Marekani, miaka 32 baada ya mumewe kuingizwa humohumo.

Kwa hiyo mfanyabiashara mwenzangu, ukionyeshwa nyota usiishie kwenye nyota. Omba kuliendesha gari mlimani, utazame breki kwenye mteremko, usome makaratasi. Na wewe mama unayetoa mtaji, hakikisha jina lako limeandikwa siku ileile unapotoa fedha. Bertha alisubiri karibu miaka 120 kupata kibao barabarani.