Seyyid Majid: sultani aliyetafuta amani akaanzisha Dar es Salaam

Ukipanda basi alfajiri pale Karatu, ukapita Makuyuni, Arusha, Moshi na Korogwe, unafika Dar es Salaam usiku umeshaingia. Hapa Qurus karibu kila ukoo una mtu wake kule: mwenye genge, fundi, mlinzi, mwanafunzi wa chuo. Vitunguu vya Mang'ola vinafika kule kabla hata wengi wetu hatujafika.

Lakini tulipowauliza vijana kijiweni ni nani aliyeuanzisha mji huo, wengi walisema Wajerumani. Mmoja akasema Mwalimu Nyerere. Wazee wawili wakanyamaza, nasi tukaona hapo pana makala.

Jibu ni Seyyid Majid bin Said, sultani wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1870. Alifariki kabla mji wake haujakamilika, na kama angefufuka miaka kumi baadaye angeukuta umeota majani. Hebu tumfahamu mtu huyu, kwa sababu maisha yake yanatuachia swali ambalo hata sisi wa huku juu linatuhusu.

Mtoto wa nyumba kubwa

Majid alizaliwa mnamo mwaka 1834. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa mtawala wa Oman aliyeipenda Unguja kiasi cha kuhamishia makao yake huko. Ndiye aliyehimiza kilimo cha karafuu Unguja, na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ikaongezeka kutoka bara hadi pwani wakati wake.

Mama yake Majid alikuwa suria aliyeletwa kutoka milima ya Kaukasi, mbali sana kaskazini. Seyyid Said alikuwa na masuria wengi, na alipofariki aliacha watoto zaidi ya thelathini. Wasikilizaji wetu wanaotoka katika nyumba zenye mama wengi wanajua maana yake. Baba akiwepo, watoto wanakaa pamoja. Baba akiondoka, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Dada yake mmoja, Bibi Salme, baadaye aliandika kitabu cha kumbukumbu ambacho kilichapishwa mwaka 1886 huko Ujerumani. Kupitia kitabu hicho tunamjua Majid wa nyumbani. Alikuwa kijana mpole, mwenye kuwajali ndugu zake wadogo. Alimchukua Salme na mama yake wakaishi katika nyumba yake, akamfundisha dada yake kupanda farasi na kutumia silaha. Hata hivyo, afya yake haikuwa nzuri. Alikuwa na ugonjwa wa kifafa, ambao ulimwandama maisha yake yote.

Ndugu watatu, kiti kimoja

Mwezi Oktoba 1856, Seyyid Said alifariki baharini akiwa njiani kutoka Oman kurudi Unguja. Ndani ya merikebu hiyo alikuwamo mwanawe mwingine, Barghash. Barghash aliushusha mwili wa baba yake usiku, akauzika kimya kimya, akajaribu kuuwahi utawala kabla watu hawajajua. Hakufaulu. Majid ndiye aliyetangazwa mtawala wa Zanzibar, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili hivi.

Kule Oman, kaka yao Thuwaini naye alisema urithi wote ni wake, Zanzibar ikiwemo. Mwaka 1859 alituma merikebu za vita zije kumng'oa Majid. Waingereza, ambao walikuwa na nguvu baharini na hawakutaka vita kwenye njia zao za biashara, wakazirudisha.

Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Barghash akaasi. Alijikusanyia wafuasi katika shamba moja nje ya mji wa Unguja. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Salme, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, akiandika barua za siri za waasi. Yaani yule binti aliyelelewa katika nyumba ya Majid, sasa alikuwa upande wa adui. Majid alilizima jambo hilo kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza. Barghash akapelekwa Bombay, India, akakaa huko kama miaka miwili. Salme hakuadhibiwa. Majid alimsamehe.

Ugomvi na Thuwaini ulimalizwa mwaka 1861 na Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India. Aliamua kwamba Oman na Zanzibar ziwe nchi mbili. Kwa kuwa Zanzibar ilikuwa na mapato makubwa zaidi, Majid alitakiwa kumlipa kaka yake reale 40,000 kila mwaka. Reale ilikuwa sarafu ya fedha iliyotumika pwani yote wakati huo.

Basi Majid akabaki na kiti chake, lakini kwa gharama. Hazina ilikuwa na deni, Waingereza walimshika mkono kila alipotaka kuamua jambo, na katika mji wake mwenyewe kulikuwa na watu waliomtamani Barghash arudi kuchukua nafasi. Hapo ndipo macho yake yalipovuka bahari na kutazama bara.

Kwa nini Mzizima

Kusini kidogo ya Bagamoyo palikuwa na kijiji kiitwacho Mzizima. Walikaa hapo Washomvi, watu wa bahari waliovua samaki, kuchemsha chumvi na kufanya biashara. Nyuma yao, kuelekea bara, walikuwa Wazaramo, wakulima. Washomvi walikuwa wakiwapa Wazaramo ada iliyoitwa kanda la Pazi, Pazi kikiwa ni cheo cha mkubwa wa Wazaramo. Kwa hiyo pale hapakuwa pori tupu. Palikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na taratibu zao.

Kilichomvutia Majid ni bandari. Bagamoyo, ambako misafara mingi kutoka Tabora na Ujiji iliishia, pwani yake ni ya maji mafupi na iko wazi kwa upepo. Meli kubwa ilibidi itie nanga mbali, mizigo ishushwe kwa mashua. Karibu na Mzizima, bahari inaingia ndani ya nchi kwa mlango mwembamba, kisha inapanuka na kuwa ghuba tulivu yenye kina. Upepo wa nje unavuma, humo ndani maji yametulia.

Majid alikuwa na hesabu mbili. Ya kwanza ni ya biashara: misafara kutoka bara ije kwenye bandari yake mpya, meli kubwa zipakie pembe na nazi palepale, na ushuru uingie mfukoni mwake. Ya pili ni ya moyo. Alitaka mahali pa kupumzika, mbali na fitina za jumba la Unguja, mbali na mabalozi wa kigeni waliokuwa wakimchungulia kila siku. Ndiyo maana mji aliupa jina la Kiarabu lenye maana ya makao ya amani. Tayari alikuwa ameshauamsha mji wa zamani wa Malindi, kaskazini, kwa kupeleka walowezi wakalime nafaka. Sasa alitaka mji wa kwake hasa.

Amani ya nani?

Ujenzi ulishika kasi kati ya mwaka 1865 na 1867. Jumba la sultani lilisimama likitazama ghuba. Kando yake ikajengwa nyumba ya kupokelea wageni. Kuta zilikuwa nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ikashikiliwa na boriti za mikoko. Wafanyabiashara wa Kihindi na Waarabu kutoka Hadhramaut walikaribishwa wafungue maduka. Mashamba ya minazi yakapandwa pembeni mwa mji.

Septemba 1867, Majid alifanya karamu kubwa katika mji mpya. Walikuja wawakilishi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Tunaweza kusema ndiyo siku Dar es Salaam ilipotambulishwa kwa dunia.

Ndugu msikilizaji, hapa lazima tuseme na upande wa pili. Mawe yale yalichongwa na kubebwa na watumwa. Minazi ile ilipandwa na kupaliliwa na watumwa. Walikuwa watu waliotekwa au kuuzwa kutoka bara, wakafungwa shingoni, wakatembea wiki nyingi hadi pwani. Mtu yule mpole aliyemsamehe dada yake, utajiri wake ulitokana pia na ushuru wa biashara hiyo, na hakuikomesha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka mitatu baada ya kifo chake, na hata hapo ni kwa shinikizo la Waingereza.

Karamu ina wageni wanaotajwa kwa vyeo vyao. Walioipika na waliojenga ukumbi hawatajwi hata kwa jina moja. Mji uliitwa makao ya amani na watu ambao hawakuwa na amani ndio walioujenga. Hatulisemi hili ili tumhukumu marehemu peke yake. Tunalisema kwa sababu historia ya mji ikianza na kuishia kwa sultani, inakuwa nusu.

Mji ulivyokosa mwenyewe

Miaka ya mwisho ya Majid ilikuwa migumu. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri ndani ya meli ya Kiingereza, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kubadili dini. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kikaingia Unguja na kuua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja wakati huo, alifuatilia njia ya ugonjwa huo na kuona kwamba ulishuka kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Kwa hiyo hata zama zile, yaliyopita huku kwetu bara yalifika pwani.

Tarehe 7 Oktoba 1870 Majid alifariki. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita hivi, na hakuacha mtoto wa kiume. Aliyerithi kiti ni Barghash, yuleyule ndugu aliyepelekwa Bombay.

Barghash hakuwa na haja na mji wa kaka yake. Fedha na nguvu zake alizielekeza Unguja. Ujenzi wa Dar es Salaam ukasimama. Nyumba ambazo hazikuezekwa zikabaki hivyo, mvua ikaingia, miti ikaota ndani ya kuta. Misafara ikaendelea kwenda Bagamoyo kama zamani.

Lakini watu hawakuondoka wote. Wahindi wachache wakaendelea na maduka yao. Wazaramo wakaendelea kuleta nafaka na sandarusi kuuza. Waliokuwa wakilima minazi wakabaki na minazi. Washomvi wakaendelea kuvua. Mji wa sultani ulianguka, mji wa watu ukaendelea kupumua.

Wajerumani walipofika mwaka 1887, waliikuta bandari ileile na baadhi ya kuta zilezile. Mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo, kwa sababu ileile iliyomvutia Majid: maji yenye kina na mlango wenye hifadhi. Ndiyo maana vijana wetu walisema Wajerumani. Hawakukosea sana, walianzia hadithi katikati tu.

Kilichobaki

Ukienda Dar es Salaam, fuata Barabara ya Morogoro hadi inapoishia baharini, karibu na boti za Zanzibar. Utaona jengo jeupe la zamani lenye mlango wa kuchonga. Linaitwa Boma la Kale. Ndiyo ile nyumba ya wageni ya Seyyid Majid. Jumba lake mwenyewe halipo tena. Nyumba ya wageni ndiyo iliyosalia.

Sisi tukitafakari maisha ya mtu huyu tunajiuliza jambo moja. Hapa Karatu nako kunajengwa. Kila mwaka tunaona hoteli mpya, barabara mpya, viwanja vyenye mabango. Wageni wanapita kwenda Ngorongoro. Hayo si mabaya, yanaleta kazi. Lakini mji unaosimama kwa ajili ya mtu mmoja au kwa ajili ya wapita njia huwa unasimama kwa kadiri ya uhai wa huyo mtu, au kwa kadiri wageni wanavyoendelea kuja. Kinachoufanya uvuke mwaka wa njaa na mwaka wa ugonjwa ni wale wanaobaki: anayelima, anayeuza, anayefundisha, na kama wanapata haki yao mahali hapo.

Kwa hiyo safari ijayo ukishuka pale Dar na mzigo wako, ukipata nafasi pita Boma la Kale. Gusa ule ukuta. Mkumbuke sultani mgonjwa aliyekuwa akitafuta utulivu. Kisha wakumbuke na waliobeba yale mawe, ambao huenda baadhi yao walitoka bara kama sisi.