Maisha ya Fridtjof Nansen na Mafunzo Yake kwa Mwalimu wa Jiografia

Katika mazoezi ya kufundisha tumepata kuona mara nyingi somo la jiografia likigeuka kuwa orodha ya majina: mito, milima, miji mikuu na mazao. Watoto huyakariri majina hayo kama kasuku, na muhula haujaisha huwa wamekwisha kuyasahau. Kosa si la watoto. Ni letu sisi tunaowapa majibu ya maswali ambayo hawakupata kuyauliza. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuwasimulia wanachuo maisha ya mtu aliyeijenga elimu yake juu ya swali moja, naye ni Fridtjof Nansen wa Norway.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861, karibu na mji ambao leo huitwa Oslo. Baba yake alikuwa mwanasheria. Tangu utotoni alizoea misitu na theluji, akawa hodari wa kuteleza kwa mbao zifungwazo miguuni. Chuo Kikuu alichagua elimu ya wanyama, na mwaka 1882 alisafiri katika meli ya wawinda sili hadi bahari ya barafu iliyo mashariki ya Greenland. Huko aliona magogo yakielea katikati ya barafu. Greenland haina misitu ya miti mikubwa. Magogo yale, basi, yalitoka wapi?

Swali hilo hakuliacha. Alirudi akafanya kazi katika jumba la makumbusho la Bergen, akachunguza mishipa ya fahamu ya wanyama wadogo, na mwaka 1888 akapata shahada ya udaktari. Mwaka huo huo aliongoza watu watano, wawili wao wakiwa Wasami wa kaskazini, kuivuka barafu ya Greenland kutoka mashariki hadi magharibi. Aliuchagua upande wa mashariki wenye watu wachache ili njia ya kurudi nyuma isiwepo. Walifika salama, lakini meli ya kurejea kwao ilikuwa imekwisha kuondoka. Nansen akakaa majira yote ya baridi pamoja na wenyeji, akajifunza kuendesha vyombo vyao vya ngozi na kuwinda sili kama wao. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1891 alieleza jinsi biashara na desturi za Wazungu zilivyokuwa zikiharibu maisha ya watu walioishi kwa kuielewa bahari yao. Tangu hapo hakuyatazama mali ya kaskazini kana kwamba hayana wenyewe.

Sasa turudi kwenye swali la magogo. Mwaka 1881 meli ya Kimarekani iitwayo Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini ya Siberia. Miaka mitatu baadaye masalio yake yaliokotwa kusini-magharibi ya Greenland. Nansen aliyaunganisha mambo mawili hayo. Ikiwa masalio ya meli yaliweza kuvuka, na magogo ya Siberia yaliweza kuvuka, basi barafu yote ya kaskazini husukumwa na mkondo. Akapendekeza iundwe meli yenye ubavu wa mviringo, ambayo barafu ikiibana itainyanyua badala ya kuivunja, kisha iachwe ichukuliwe na barafu yenyewe. Wasafiri wenye sifa kubwa walimwona kuwa ni mtu anayetaka kuwaua wenzake bure.

Meli hiyo, Fram, iliondoka mwaka 1893 ikiwa na watu 13, na mwezi Septemba ikagandishwa barafuni. Ilichukuliwa hivyo kwa muda wa karibu miaka mitatu. Mwezi Machi 1895 Nansen na Hjalmar Johansen waliiacha wakaelekea Ncha ya Kaskazini kwa miguu, pamoja na mbwa 28. Walifika latitudo ya digrii 86 na dakika 14, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyepata kufika kabla yao. Ncha yenyewe hawakuifikia. Waligeuka, wakapitisha majira ya baridi katika kibanda cha mawe na ngozi, wakila nyama ya dubu. Mwezi Agosti 1896 Fram nayo ilichomoka barafuni, na watu wote 13 wakarudi kwao wakiwa hai.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu asilipite upesi. Nansen alikuwa ameamini kwamba bahari ile ni ya maji machache. Walipotia bildi, kamba zao hazikufika chini. Ikawalazimu kufumua waya wa chuma wa meli na kusokota kamba mpya, nayo ikaonyesha kina cha zaidi ya mita 3,000. Mkubwa wa msafara alikuwa amekosea, naye aliliandika kosa lake waziwazi pamoja na vipimo vilivyomsuta. Aligundua pia kwamba chini ya maji ya baridi yamo maji yenye joto zaidi yatokayo Atlantiki, na kwamba barafu haiendi sawasawa na upepo bali hukengeuka kuelekea kuume. Jambo hilo la pili lilikuja kuelezwa kwa hesabu na Msweden, Ekman, kuwa linatokana na mzunguko wa dunia.

Mwaka 1897 Nansen alifanywa profesa wa elimu ya wanyama, na mwaka 1908 profesa wa elimu ya bahari. Lakini hakuifungia elimu ile chumbani. Wavuvi wa Norway walijua kwamba mwaka mmoja nyavu hujaa na mwaka mwingine hutoka tupu. Je, ni kwa kuwa wanadamu wamevua kupita kiasi, au ni bahari yenyewe iliyobadilika? Mwaka 1900 Nansen alisafiri katika meli ya utafiti iitwayo Michael Sars pamoja na Johan Hjort, mtaalamu wa samaki. Mwaka 1902 mataifa manane yaliunda mjini Copenhagen Baraza la Kimataifa la Uchunguzi wa Bahari, na Nansen akaongoza maabara yake kuu hadi mwaka 1908. Kazi yake kubwa humo ilikuwa kusawazisha vyombo vya kupimia. Mataifa yanayopima kwa vyombo visivyolingana hayawezi kupatana juu ya samaki wasiojua mipaka. Mwaka 1909 yeye na Bjørn Helland-Hansen walitoa kitabu juu ya Bahari ya Norway, wakaonyesha kwamba yamkini kubadilika kwa joto la maji kunahusiana na wingi wa samaki.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliitumikia Jumuiya ya Mataifa kwa kuwarudisha makwao wafungwa wa vita zaidi ya 400,000, na kwa kuwapatia wakimbizi hati za kusafiria. Mwaka 1922 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Alifariki tarehe 13 Mei 1930.

Jina lake limefika hata kwetu. Meli ya utafiti iliyoitwa kwa jina lake, chini ya Norway na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilichunguza samaki wa maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983.

Je, mwanachuo achukue nini katika maisha haya? Kwanza, somo na lianze na kitu kinachoonekana. Palipo na kijito, watoto waweke vifuu vyenye alama majini, wapime mwendo wake, na wabuni kabla ya kupima. Penye pwani, waokote vilivyoletwa na maji wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kisha walinganishe. Pili, bunio lililoshindwa lisifutwe ubaoni, bali liandikwe kando ya kipimo. Hata la mwalimu liandikwe. Tatu, somo lisiishe kwa maji na upepo tu. Watoto waulizwe ni nani wanaovua humo, ni nani huamua nyavu za matundu gani zitumike, na kwa nini. Mtoto aliyepima mwenyewe atakuwa na neno la kusema siku kijiji kitakapokaa kujadili mali yake.