Johnson wa Liuli, padri asiyekuwa daktari

Sisi wa Ngaka watu wanatujua kwa makaa ya mawe. Ila ukivuka Mbinga ukashuka milima hadi ziwani, pale Liuli kuna kaburi la Mwingereza ambaye wanachuo tungepaswa kumjua, hasa sisi wa ualimu. William Percival Johnson alizaliwa 1854, akasoma Oxford. Angeweza kwenda India kuwa ofisa wa serikali na kula maisha. Mwaka 1876 akaja huku na misheni ya UMCA, pamoja na Askofu Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili.

Hakuwa daktari, na hapo ndipo ananivutia. Mwaka 1882 alitembea kwa miguu hadi Ziwa Nyasa na padri mwenzake, Charles Janson. Janson akaugua, akafia huko huko ufukweni. Hebu fikiria: hakuna zahanati, hakuna dripu, hakuna gari la kumkimbiza mtu popote. Unampa mgonjwa maji, unamtafutia kivuli, unakaa naye. Basi. Johnson akamzika, kazi ikaendelea.

Meli ya misheni ikapewa jina la Janson. Wakati wa kuileta, vipande vyake vikibebwa na wapagazi, Johnson naye akapata ugonjwa wa macho. Jicho moja likapofuka kabisa, la pili likabaki na mwanga kidogo. Akatibiwa kwao, akarudi. Mtu mwingine angebaki, na hakuna ambaye angemlaumu.

Sisemi alikuwa malaika. Wamisionari walikuwa na mambo yao. Lakini huyu alijua kulala chini akisubiri mtu amletee maji. Nadhani hilo lilimfundisha kukaa na wagonjwa kuliko darasa lolote. Na wenzangu, tusijidanganye kuwa hayo ni ya manesi tu. Tutapangiwa shule za mbali, na mtoto akipandisha homa bwenini saa nane usiku, atakayeitwa ni mwalimu wa zamu. Panadol tunaweza kuwa nayo. Uvumilivu wa kukaa pale kitandani mpaka kuche, je?

Kwa jicho lile bovu alitafsiri Biblia kwa Kinyanja, akazunguka vijiji vya ufukweni kwa zaidi ya miaka 40. Alifia Liuli Oktoba 1928, ana miaka 74. Hospitali ya Mtakatifu Anna ipo hapo hapo Liuli, na hadi leo inapokea wagonjwa.