Grace Kelly: Aliyesomea jukwaa, akachukuliwa na kamera na kasri

Jina la Grace Kelly hutajwa mara nyingi pamoja na taji, kasri na ajali ya gari. Ni nadra kutajwa pamoja na shule. Hata hivyo, kabla hajaolewa na mtawala wa Monaco, na kabla hajatwaa tuzo ya Oscar, Mmarekani huyo alikuwa mwanafunzi wa uigizaji kwa miaka miwili mjini New York, na kazi aliyoisomea haikuwa ya sinema. Alisomea jukwaa. Filamu 11 zilizompa umaarufu, moja kati yake ikiwa imepigwa katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, zilimjia akiwa bado anasubiri kupokewa katika kumbi za michezo ya kuigiza.

Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1929 mjini Philadelphia, mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake, John B. Kelly, alianza maisha kama fundi wa kujenga kwa matofali hadi akawa mkandarasi tajiri. Alikuwa pia mpiga makasia hodari: alishinda medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920, na nyingine moja Paris mwaka 1924. Katika nyumba ya namna hiyo heshima ilikwenda kwa mwenye misuli na pumzi. Grace alikuwa mtoto dhaifu, wa kuugua mafua kila mara, mpenda vitabu na wanasesere. Aliyemwelewa alikuwa baba yake mkubwa, George Kelly, mwandishi wa tamthilia aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1926 kwa tamthilia ya Craig's Wife. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza, ingawa hakuwa na darasa.

Mwaka 1947 binti huyo alikataliwa na chuo cha Bennington kwa sababu alama zake za hesabu zilikuwa duni. Akageukia New York, kwenye Chuo cha Sanaa za Maonyesho cha Marekani, shule ya uigizaji iliyoanzishwa mwaka 1884, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya jengo la Carnegie Hall. Spencer Tracy, Edward G. Robinson na Kirk Douglas walikuwa wamepitia hapo. Muda wa kupokea maombi ulikuwa umekwisha, lakini jina la baba mkubwa lilisaidia mlango kufunguliwa tena, na katika usaili Grace akaigiza sehemu ya tamthilia ya mzee huyo huyo, The Torch-Bearers. Jina la ukoo, basi, lilimwingiza darasani. Halikuweza kumfundisha kupumua, kutembea wala kutamka, na hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yenyewe.

Tatizo kubwa lilikuwa sauti. Alikuja na sauti nyembamba, iliyotokea puani, yenye lafudhi ya mtaani kwao Philadelphia. Walimu walimwambia kwamba kwa sauti ile hangefika popote. Alijizoeza kwa kujirekodi na kujisikiliza, mara kwa mara, mpaka sauti ikashuka, ikatulia, na kila neno likasikika lote. Aliporudi nyumbani likizo, ndugu zake walimcheka kwa kuzungumza kama Mwingereza. Karo na maisha ya mjini aliyalipia kwa kupigwa picha za matangazo, yakiwemo ya sigara na ya dawa ya kuulia wadudu. Mwaka 1949 alihitimu, na katika onyesho la wahitimu alipewa nafasi ya Tracy Lord, binti wa kitajiri katika tamthilia ya The Philadelphia Story. Nafasi hiyo ingemrudia baadaye.

Mwanzo ulikuwa wa kutia moyo. Tarehe 16 Novemba 1949 alipanda kwa mara ya kwanza jukwaa la Broadway katika The Father, tamthilia ya Msweden August Strindberg, akiwa binti wa mhusika aliyeigizwa na Raymond Massey. Onyesho lilifungwa baada ya mara 69. Kilichofuata ni kipindi ambacho waigizaji wengi waliosoma wanakijua vizuri, yaani usaili mmoja baada ya mwingine, na jibu la hapana. Huyu alimwona mrefu mno kusimama kando ya mwigizaji mkuu wa kiume, yule akaona sauti yake, pamoja na mazoezi yote, haijazi ukumbi. Alijaribu tena Broadway mwaka 1952 na mchezo wenyewe haukudumu.

Aliyemlisha katika miaka hiyo ni televisheni. Michezo ilirushwa moja kwa moja kutoka studio za New York, bila nafasi ya kurudia, na Grace alishiriki makumi ya michezo hiyo. Aliyesahau maneno alisahau mbele ya nchi nzima. Si vibaya kuiita televisheni hiyo shule yake ya pili, na huenda ilimfaa kuliko ya kwanza, kwa kuwa kamera ilisogea karibu na uso na haikuhitaji sauti ya kufika viti vya nyuma.

Mwaka 1951, akiwa katika kikundi cha michezo ya majira ya joto mjini Denver, aliitwa kuigiza kama mke wa Gary Cooper katika filamu ya High Noon. Filamu ilipotoka mwaka 1952 ilisifiwa sana. Yeye alijitazama na hakuridhika. Cooper alionyesha kwa macho kila alichokuwa akikiwaza. Yeye aliona uso wake mwenyewe hausemi kitu. Badala ya kuhamia Hollywood, alirudi New York kusoma kwa Sanford Meisner, mwalimu aliyesisitiza kwamba mwigizaji hana budi kwanza amsikilize mwenzake kwa dhati kabla ya kumjibu. Ni wachache ambao wangerudi darasani wakati jina lao limekwisha andikwa mabangoni.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Mwongozaji John Ford aliona filamu fupi ya majaribio ambayo Grace aliifanya kwa ajili ya nafasi nyingine, nafasi ambayo hakuipata. Ford alikuwa akitafuta mwanamke wa kuigiza kama Linda Nordley, mke Mwingereza wa mwanaanthropolojia anayekuja Afrika na kumpenda mwindaji, nafasi ya Clark Gable. Ava Gardner angekuwa mpinzani wake. Filamu ilipewa jina la Mogambo. Ilienezwa kwamba hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali, na mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kulitafuta neno hilo mpaka achoke. La karibu yake ni mgambo, na hilo ni la mbiu na askari. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mtayarishaji alichukua jina la klabu moja ya usiku ya Hollywood, Mocambo, akabadilisha herufi moja.

Kundi la waigizaji lilifika Nairobi mwezi Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba. Kambi kubwa ya mahema ilijengwa kando ya Mto Kagera, upande wa Tanganyika, na picha nyingine zilichukuliwa Kenya na Uganda. Ajali ya gari ilimuua msaidizi mmoja wa mwongozaji. Wasimulizi wa maisha ya Grace wanaeleza kwamba alijifunza Kiswahili kidogo kabla ya safari, akawashangaza wenzake kwa kuagiza chakula kwa lugha hiyo hotelini Nairobi, na kwamba alimzoea Gable, aliyemzidi umri kwa miaka 28, kwa kumwita Ba, kifupi cha baba. Alikuwa na miaka 23, na hakuficha kwamba nafasi ya kuiona Afrika kwa gharama ya kampuni ilikuwa mojawapo ya sababu zake za kukubali.

Orodha ya majina mwanzoni mwa filamu inawataja pia waliocheza upande wa pili: Wasamburu wa Kenya, Wahaya wa Tanganyika, Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji na Wambeti wa Afrika ya Ikweta ya Wafaransa. Wametajwa kwa makabila. Makasia ya Wagenia yanaonekana waziwazi kwenye picha, na hakuna hata mmoja wao mwenye jina lake. Ndivyo sinema za wakati huo zilivyofanya kazi, na anayeitazama Mogambo leo kutoka Bukoba au Kisangani ana haki ya kuitazama kwa jicho lake mwenyewe.

Jambo moja zaidi kuhusu filamu hiyo litawafurahisha wafasiri. Nchini Hispania, chini ya utawala wa Franco, wakaguzi hawakutaka mke wa mtu aonekane akimpenda mwanamume mwingine. Katika tafsiri ya sauti, Linda na mumewe wakageuzwa kuwa kaka na dada. Watazamaji wakabaki na kaka na dada wanaoishi hema moja kwa ukaribu wa kushangaza, na dhambi iliyofichwa ikazaa kubwa zaidi.

Mogambo ilimpa Grace uteuzi wake wa kwanza wa Oscar. Ilimpa pia kifungo cha aina yake, kwa sababu ili aipate alilazimika kutia saini mkataba wa miaka saba na kampuni ya MGM. Alisaini kwa masharti yake: aruhusiwe kuendelea kuishi New York, na apewe likizo ya kurudi jukwaani. Hakurudi Broadway kamwe. Kazi za filamu zilifuatana bila nafasi katikati. Alfred Hitchcock, ambaye naye alikuwa ameiona ile filamu ya majaribio, alimtumia mara tatu, katika Dial M for Murder na Rear Window mwaka 1954, kisha To Catch a Thief mwaka 1955. Kwa The Country Girl alivua urembo wote, akavaa sweta na miwani ya mke aliyechoshwa na mume mlevi, na tarehe 30 Machi 1955 akapewa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Ni katika filamu hiyo, pengine kuliko zile za Hitchcock, ambapo mafunzo yake yanaonekana.

Mwezi Mei mwaka huo, akiwa mgeni wa tamasha la filamu la Cannes, alipelekwa Monaco kupigwa picha za gazeti pamoja na mtawala wa nchi hiyo ndogo, Prince Rainier III. Hawakuonana tena kwa miezi kadhaa, lakini mwishoni mwa mwaka posa ikafika Philadelphia. Filamu yake ya mwisho, High Society ya mwaka 1956, ilikuwa ni ile ile The Philadelphia Story iliyotiwa nyimbo. Akawa tena Tracy Lord, nafasi aliyohitimia shuleni, na pete anayoonekana nayo kidoleni ni pete yake halisi ya uchumba. Ndoa ilifungwa tarehe 18 Aprili 1956 kiserikali na tarehe 19 kanisani, mbele ya kamera za MGM. Alikuwa na miaka 26.

Huenda alidhani angeruhusiwa kurudi kazini siku moja. Mwaka 1962 Hitchcock alimpa nafasi kuu katika Marnie, na kasri likatangaza kwamba amekubali. Wananchi wa Monaco hawakupendezwa na wazo la kumwona mke wa mtawala wao akiigiza kama mwizi na kubusiwa na mwanamume mwingine, na nchi yenyewe ilikuwa katika mgogoro mkali na Ufaransa kuhusu kodi. Alijitoa. Kwa mwanamke wa miaka 32 aliyeacha kazi akiwa kileleni, huko kujitoa hakukuwa jambo dogo, na wote waliomwandika wanakubaliana kwamba kulimuumiza.

Kilichobaki ni sauti. Mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru, alialikwa kwenye tamasha la Edinburgh kusoma mashairi ya Kimarekani mbele ya watazamaji. Mashairi hayakuwa mchezo wa kuigiza, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulalamika. Alisimama jukwaani kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka ishirini, akarudia kazi hiyo katika miji ya Uingereza na Marekani. Mwaka 1977 alikuwa msimulizi wa The Children of Theatre Street, filamu ya maisha halisi kuhusu watoto wa shule ya dansi ya Kirov mjini Leningrad, iliyoteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 1981 Monaco ikafungua ukumbi wa michezo wenye jina lake, naye akausimamia kwa karibu.

Tarehe 13 Septemba 1982 alipatwa na kiharusi akiendesha gari kwenye barabara ya milimani, pamoja na binti yake Stéphanie. Gari liliacha njia na kuporomoka. Binti alipona; mama alifariki siku iliyofuata, akiwa na miaka 52. Muda mfupi baadaye Rainier alianzisha nchini Marekani mfuko kwa jina la mkewe, ambao hadi leo hutoa misaada ya masomo kwa vijana wanaosomea uigizaji, dansi na filamu.