Mill na swali la serikali kutufunza kuishi

Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, barazani watu waligawanyika. Kuna waliosema vijana waokolewe kwa nguvu ya sheria, na kuna waliouliza serikali imekuwa mzazi wa mtu mzima tangu lini. Mwingereza John Stuart Mill alihangaika na swali hilo maisha yake yote.

Alizaliwa London mwaka 1806. Babake, James Mill, alikuwa amekwisha kukata shauri mwanawe awe mtu wa namna gani. Shule hakumpeleka, alimsomesha mwenyewe nyumbani. Mtoto alianza Kigiriki ana miaka 3, Kilatini ana miaka 8, na wenzake wa kucheza nao hakuwa nao. Alipofika miaka 20 alijiuliza: yote niliyofunzwa kuyatamani yakitimia leo, nitafurahi? Moyo ukamjibu la. Alikaa na huzuni hiyo miezi mingi. Mtu aliyepangiwa maisha mema na mwingine, hata kwa mapenzi, huyajua madhara yake kuliko mwanafalsafa yeyote.

Mwaka 1851 alimuoa Harriet Taylor, mjane aliyekuwa rafiki yake kwa miaka ishirini na mshirika wake katika fikra. Harriet alifariki Avignon, Ufaransa, mwaka 1858. Mwaka uliofuata Mill alichapisha On Liberty na kumtunukia marehemu.

Hoja ya kitabu ni hii: mtu mzima asilazimishwe na sheria kwa ajili ya faida yake mwenyewe, bali azuiwe anapomdhuru mwenziwe. Kumnasihi ruhusa, kumsihi ruhusa, kumfunga hapana. Kwa hivyo aliipinga sheria ya jimbo la Maine, Marekani, iliyokataza kuuza pombe. Hata nyama ya nguruwe aliitaja. Alisema Waislamu walio wengi katika nchi yao wakiiharamisha kwa wote, Mzungu hana la kulalamika, mpaka akubali kwanza kwamba chakula cha mtu si kazi ya serikali. Waingereza wenzake, waliopenda kufunga starehe za Jumapili kwa sheria, hawakuwa na jibu.

Lakini hakuiacha serikali ikae bure. Alitaka mzazi alazimishwe kumsomesha mtoto, na maskini asaidiwe karo. Alichoogopa ni serikali kushika shule zote, isije ikawatoa watu wote kalibu moja.

Hapa sasa simsamehe. Uhuru huo aliwatoa watoto, na pia mataifa aliyoyaona hayajakomaa, akasema hao watawaliwe kwa mabavu mradi wanaendelezwa. Alikuwa mwajiriwa wa East India Company, iliyoitawala India, tangu 1823 hadi 1858. Wazee wetu wa Pwani nao wangetiwa fungu hilo hilo. Tena anayepewa kusema nani amekomaa na nani bado, huyo amepewa kila kitu.

Haki yake tumpe pia. Aliingia Bunge mwaka 1865, akashika mstari wa mbele kutaka Gavana Eyre ashtakiwe kwa mauaji ya watu weusi Jamaica. Mwaka 1867 alitaka wanawake wapige kura, akapata kura 73, akashindwa. Mwaka uliofuata alipoteza kiti.

Alikuwa amenunua nyumba Avignon karibu na kaburi la Harriet. Alifariki huko Mei 1873, akazikwa naye.