Sauti Iliyouza Vyungu

Siti binti Saad nilikutana naye maktaba, mwaka wa kwanza, nikitafuta kitabu chembamba cha kumalizia kazi ya semina. Sina uongo, nilitaka wembamba tu. Nikaangukia wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert, na hadi leo sijamwacha yule mama.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake Uzigua, na ukoo wao ulitoka katika utumwa. Mtoto akapewa jina Mtumwa. Hebu fikiria kuitwa hivyo kila asubuhi, nawe uitike. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, ila jina halikufutwa na sheria. Hilo la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata mjini baadaye, kwa koo lake mwenyewe.

Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Alibeba vyungu kichwani kutoka Fumba hadi mjini, mwendo mrefu wa mguu, akitangaza bidhaa yake kwa kuimba. Watu walimjua kwa sauti kabla hajafika.

Hapo ndipo huwa namkumbuka mama yangu. Sisi ni wa Izia, Sumbawanga, na mama anauza maharage sokoni. Anaimba akipanga visado, anaimba akirudi na baridi ile ya Ufipa, anaimba njiani peke yake, redio ndogo ikiwa imefungwa kwenye kanga. Kuna watu mtaani walisema mama mzima haimbi barabarani, eti huo ni uhuni. Nilipokuwa darasa la sita niliwaamini. Siku moja nilipita upande wa pili wa barabara nikajifanya simjui. Aliniona. Hakusema kitu hadi leo.

Basi, turudi kwa Siti. Mwaka 1911 alihamia mjini. Si msichana tena huyo, ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ameachika, ana mtoto wa kike. Shule hakusoma. Mjini akajifunza kusoma Kurani kwa sauti, akajifunza muziki na nyimbo za Kiarabu. Taarabu wakati huo ilikuwa burudani ya wakubwa, ilianzia kasri la Sultani Barghash aliyeileta kutoka Misri, na iliimbwa Kiarabu, na wanaume. Siti akaiimba kwa Kiswahili, Ng'ambo, kwa watu wa kawaida. Kisha wakubwa hao hao wakamwita kasri aje kuwaimbia.

Hawakumsamehe lakini. Alichekwa sura, akachekwa asili, akatungiwa wimbo wa kumdhihaki. Yeye akajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili na tabia. Wakati mwingine aliimba amefunika uso. Walimu wetu husema ni haya. Mimi naona aliwalazimisha wasikilize badala ya kutazama.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, na wenzake wa kikundi kurekodi santuri za Kiswahili. Santuri zikarudi, zikapigwa kwenye migahawa, zikavuka hadi bara.

Wimbo ninaoupenda ni Kijiti. Ni kisa cha kweli cha Zanzibar: mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam alitolewa usiku kwenda kustarehe, akafanyiwa ukatili na kuuawa. Mwanamume aliyefanya hayo alitoroka kuelekea bara. Mahakama ikawageukia wanawake waliomchukua yule mgeni, na wao ndio waliofungwa. Magazeti ya wakubwa yalikuwa na lugha yao. Siti akaichukua kesi akaipeleka barazani, ikaimbwa na watu wasiojua kusoma hukumu.

Alifariki Julai 8, 1950. Bi Kidude aliziendeleza nyimbo zake hadi naye alipoondoka mwaka 2013. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti, na kitukuu chake, Siti Muharam, anaimba hadi sasa.

Likizo iliyopita nilikwenda Izia na Kijiti kwenye simu. Mama alikuwa jikoni. Rekodi ina mikwaruzo, nikamweleza kisa kidogo kidogo. Aliuliza jambo moja tu: wale wanawake walifungwa kwa kosa gani? Nikamwambia. Akanyamaza, akaniambia nirudishe mwanzo. Mara ya tatu alikuwa ameshaushika mwendo, anaufuata bila maneno, na maharage yanaungua. Jioni tulikwenda dukani pamoja. Aliuanza tena pale barabarani, nami nikatembea upande wake.