Allidina Visram: mali kauli kutoka pwani hadi Jinja

Mfanyabiashara anayeshusha sufuria, misumari na mabati Mafubira, pembezoni mwa Jinja, au anayepitisha shehena kama hiyo kwenda Mbale, anafuata mfumo wenye umri wa zaidi ya miaka 100. Kuna mwenye jumla pwani, kuna wakala njiani, kuna duka dogo kijijini, na kuna deni linalowaunganisha wote watatu. Mtu aliyeueneza mfumo huo ndani ya Uganda kuliko wengi wa wakati wake ni Allidina Visram, aliyepewa jina la mfalme asiye na taji wa Uganda. Aliujenga kwa mkopo na kuaminiana. Haukudumu miaka 10 baada ya kifo chake.

Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, magharibi mwa India. Alivuka bahari akiwa na miaka 12 na kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1863. Hakuja na mtaji. Alianza kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiwapatia wasafiri wa bara wapagazi na bidhaa.

Bagamoyo ndiyo ilikuwa shule yake. Hapo alijifunza hesabu ya msafara. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo kama 32. Kwa hesabu hiyo, tani moja ya bidhaa ilihitaji zaidi ya watu 30, nao wote walipaswa kula na kulipwa kwa miezi kadhaa njiani. Ndiyo maana bidhaa za bara zilikuwa chache na za kuchagua: majora ya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, chumvi. Merikani yenyewe ilipata jina kwa sababu mwanzoni ililetwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Marekani, kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 kuwaachia nafasi washindani kutoka Uingereza na India.

Gharama ya kurudi ilikuwa sawa na ya kwenda. Msafara uliorudi mikono mitupu ulikula faida yote. Kwa hiyo kila duka la bara lilikuwa pia kituo cha kununua: pembe za ndovu, nta, ngozi, ufuta. Kanuni hii, ya kutouza bila kununua, Visram aliishika maisha yake yote.

Bidhaa hizo zilitoka kwa mali kauli. Mwenye jumla alimpa mwenye duka mzigo bila fedha taslimu, naye alilipa akishauza au alirudisha mazao yenye thamani hiyo. Riba haikuandikwa popote, ilikuwa ndani ya bei. Aliyelipa kwa wakati alipata mzigo mkubwa zaidi mara ya pili. Aliyechelewa alijikuta hana wa kumpa.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Wakati huo Visram alikuwa na misafara na maduka yake mwenyewe katika njia ya kati kuelekea Tabora na Ujiji. Lakini njia ya kaskazini ndiyo iliyokuwa ikibadilika. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na uliajiri zaidi ya watu 30,000 kutoka India. Watu hao walihitaji unga, mchele, sukari, sabuni na vyombo vya kupikia. Visram alifungua maduka kufuata reli, kituo kwa kituo, na hakungoja ikamilike. Mwaka 1898 tayari alikuwa na duka Kampala, likipokea mizigo kwa vichwa vya wapagazi.

Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, hesabu ya zamani ilifutika. Mzigo uliochukua miezi sasa ulifika ziwani kwa siku chache. Vitu vizito ambavyo mpagazi hakuweza kubeba kwa faida viliingia katika orodha: mabati, majembe ya chuma, mafuta ya taa, masufuria makubwa. Kutoka Kisumu vilipakiwa melini na katika majahazi, na Visram alikuwa na vyombo vyake mwenyewe ziwani.

Jinja ilifaidika moja kwa moja. Iko mahali Mto Nile unapotoka ziwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 ilikuwa kituo cha serikali kwa Busoga. Visram alikuwa na duka huko. Bidhaa zilishushwa bandarini, zikagawiwa wenye maduka madogo, zikaingia vijijini. Mashariki zaidi, Mbale ulikua kama mji wa soko karibu na makao ya Semei Kakungulu, na kwa miaka mingi ulipata bidhaa kwa migongo ya watu, kwani reli ilifika huko mwishoni mwa miaka ya 1920. Tofauti ya bei kati ya Jinja na Mbale wakati huo ilikuwa hasa gharama ya njia.

Kodi ya nyumba, iliyotakiwa kulipwa kwa rupia, iliwalazimu wakulima kutafuta fedha. Pamba, iliyoanza kulimwa kwa biashara kuanzia mwaka 1903 na 1904, ikawapa fedha hizo. Mkulima aliuza pamba, alilipa kodi, na kilichobaki alinunulia jembe, shuka au taa. Visram alikuwa pande zote mbili za shughuli hiyo: alinunua pamba na aliuza bidhaa. Mwaka 1912 reli fupi ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa na kuunganisha Jinja na Ziwa Kyoga, hivyo pamba ya Busoga na Teso ikapata njia ya kutoka na bidhaa zikapata njia ya kuingia.

Faida aliitia katika viwanda. Alikuwa na mitambo ya kuchambua pamba, mashine za kukamua mafuta, kiwanda cha sabuni Mombasa na karakana za samani. Idadi ya maduka na mawakala wake huhesabiwa kwa mamia, kutoka pwani hadi Gondokoro, na wengi walioanza kama makarani wake walikuja kuwa wafanyabiashara kwa jina lao.

Juni 1916 alifariki kwa homa aliyoipata katika safari ya biashara Kongo. Alikuwa na miaka 65 na bado alikuwa akienda mwenyewe kukagua njia.

Hapo ndipo udhaifu ulipoonekana. Mfumo wa mali kauli unategemea kujua nani analipa, nani anachelewa kwa sababu ya mvua, na nani anadanganya. Daftari huonyesha kiasi cha deni, haliwezi kuonyesha tabia ya mdaiwa. Mwanawe Abdulrasul alirithi madeni ya kudai na kudaiwa wakati mgumu kabisa. Kati ya 1920 na 1921 Afrika Mashariki iliacha rupia, ikapitia florini kwa muda mfupi na kuishia kwenye shilingi, huku bei ya pamba ikianguka. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na kampuni haikusimama tena. Shule aliyoifadhili Mombasa kwa jina la baba yake ilifunguliwa mwaka huo huo. Inafundisha hadi leo, wakati maduka yamekwisha.

Jirani na Mafubira kuna mfano wa upande mwingine. Vithaldas Haridas alianza na duka Iganga, na jamaa yake Muljibhai Madhvani alifika mwaka 1908 akiwa kijana. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianza mwaka 1930. Muljibhai alipofariki mwaka 1958, watoto wake walikuwa tayari ndani ya kazi. Familia ilipoteza kila kitu kwa kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, ikarudi miaka ya 1980, na kiwanda kingali kinasaga miwa.

Visram hakushindwa kuuza wala kusafirisha. Alizijua njia kuliko wote. Alichokosa ni watu wa kutosha waliojua anachokijua yeye. Kwa mwenye ghala Jinja au Mbale ambaye madeni yake yote yako kichwani mwake na katika simu moja, hilo ndilo swali lililobaki tangu mwaka 1916: akiugua kesho, nani atajua nani wa kumwamini?